MEZA YA ZEGE INAYONG'AA: Kazi ya nyuma ya nyumba, kutoka Kanyosha

Mwezi huu kwenye ukurasa wetu wa kazi za mikono tunazungumzia meza ya zege, au beto kama wanavyosema wengi wetu. Ni lile bamba zito, laini, lenye kung'aa, ambalo mama husukumia chapati, hupangia sahani na hukandia unga wa maandazi, halafu akilifuta kwa kitambaa linarudi kuwa kama jipya. Wenye pesa hulinunua ghali. Lakini kazi yenyewe, kumbe, inafanyika nyuma ya nyumba, kwa karai, mwiko, mbao nne na msasa. Mashine ikiwepo inasaidia, isipokuwepo kazi haisimami.

Tunaifuata kazi hii Kanyosha, kusini mwa Bujumbura. Baadhi yenu mmetoka huko, wengine mna ndugu huko, na wengine mmepita tu ndani ya basi. Lakini hata kama hujawahi kufika, soma. Utakachojifunza hapa kinafanyika popote penye saruji, mchanga na maji.

Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo. Mng'aro wa zege hauletwi na mashine wala dawa ya dukani. Unaletwa na maji yaliyopimwa vizuri na subira. Mwenye haraka hupoteza mfuko wa saruji, na kwa familia nyingi mfuko mmoja ndo mtaji wote.

KWA NINI KANYOSHA?

Anayetoka katikati ya Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac kwa barabara ya taifa namba 3 hupita Kanyosha. Upande wa magharibi kuna ziwa Tanganyika, upande wa mashariki inainuka milima ya Mirwa. Mitaa yake mnaijua: Nyabugete, Gisyo, Kizingwe, Bihara, Ruziba na mingine. Katikati ya haya yote unashuka mto Kanyosha kutoka milimani, nao kila msimu wa mvua huteremsha mawe, kokoto na mchanga. Ndo maana vijana wengi wa sehemu hizi wamekua wakijua kuchekecha mchanga na kuponda kokoto kwa nyundo.

Saruji nayo inafika kwa njia mbili kubwa. Kuna kiwanda cha BUCECO kule Cibitoke, kaskazini-magharibi mwa nchi. Halafu kuna saruji inayokuja kwa meli kutoka Mpulungu, Zambia, ikipanda ziwa lote la Tanganyika hadi bandari ya Bujumbura. Njia zote mbili zikikwama, saruji huadimika na bei hupanda. Kwa hiyo fundi mwenye akili hapotezi hata kopo moja.

Mchanga wa kule una bahati yake. Tanganyika ni ziwa la maji matamu, kwa hiyo mchanga wake na wa mito yake hauna chumvi ya bahari. Mafundi wa Dar es Salaam na Zanzibar wanajua balaa la mchanga wa pwani: chumvi hula nondo ndani ya zege, kutu ikavimba, bamba likapasuka. Kanyosha shida hiyo haipo. Shida iliyopo ni udongo. Mto ukitoka milimani na mvua huja mwekundu, na udongo ule ukibaki kwenye mchanga, saruji haishiki vizuri.

Hapa tuseme na jambo la uzito. Mito ya Bujumbura, yaani Ntahangwa, Muha na Kanyosha, hula kingo zake, na nyumba zilizo ukingoni zimekuwa zikibomoka. Anayechimba mchanga chini ya ukingo wa jirani anachimba msingi wa nyumba ya mtu. Nunua mchanga unaotoka mahali palipokubaliwa. Meza yako isije ikajengwa kwa kitanda cha mwenzio.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Labda unasema, "Mimi zege la meza sijawahi kuliona." Sawa, lakini bamba la choo umeliona. Lile bamba dogo la saruji lenye tundu na mahali pa kuwekea miguu, ambalo limetumika katika kambi nyingi, lilibuniwa huko Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 na Msweden anayeitwa Björn Brandberg. Wazo lake lilikuwa rahisi: bamba liwe laini, lioshwe kwa urahisi, na liweze kumwagwa na watu wa mtaani wenyewe kwenye kalibu. Kama umewahi kushiriki kumwaga mabamba yale, tayari unajua nusu ya kazi ya leo.

Nusu ya pili, yaani kung'arisha, nayo ina wazee wake. Wenye umri mkubwa waliokaa Bujumbura au Bukavu wanakumbuka sakafu za granito, ambazo Kenya na Tanzania huitwa terazo: vipande vidogo vya mawe vinachanganywa na saruji, vikishagandana vinasagwa hadi mawe yaonekane kama mayai ya ndege. Waswahili wa pwani, Lamu na Zanzibar, walijenga kwa chokaa, wakaitwanga kwa fimbo hadi ikashikamana, wakaisugua ikawa laini. Moroko, mafundi wa Marrakech hupaka chokaa ukutani na kuisugua kwa jiwe laini la mtoni pamoja na sabuni ya mafuta ya zeituni, hadi ukuta haupitishi maji. Na sisi wenyewe, nani hajamwona mfinyanzi akisugua chungu kwa kijiwe kabla ya kukichoma? Ni akili ileile.

Saruji hii ya kijivu nayo ilianzia kwa mtu wa kazi za mikono. Aliyeipatia hati mwaka 1824 huko Uingereza ni Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds. Na mtindo wa kuweka zege jikoni ulisambaa sana Marekani baada ya mbunifu Fu-Tung Cheng wa California kutoa kitabu juu yake mwaka 2002. Wale wana mashine za kila namna. Lakini kanuni ni zilezile utakazozisoma hapa chini.

VITU VYA KUANDAA

Tuanze na bamba dogo la kujifunzia: sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 4. Litakuwa na uzito wa kilo 35 hivi, watu wawili wanalibeba. Bamba la urefu wa sentimita 120 lina kilo kama 70, hilo liache kwanza.

- Saruji lita 4 (chini kidogo ya kilo 6)
- Mchanga safi, mkavu, lita 8
- Kokoto ndogo kama punje za mahindi, lita 12
- Maji safi, lita 3 tu
- Mbao nne zilizonyooka, zenye kimo cha sentimita 4
- Kitu bapa na laini cha kulazia chini: kioo kinene, ubao wenye plastiki ngumu, au bati la mlango lisilo na mikunjo
- Wavu wa kuku au nyaya nyembamba
- Karai, koleo, mwiko, pima maji, magunia mawili
- Jiwe la kunolea, na msasa wa maji namba 120, 220 na 400
- Nta ya nyuki kidogo

Kwa vipimo hivi mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa mabamba 8 ya namna hii. Kalibu ni ileile, unaitumia tena na tena.

Mchanga upime kwanza. Chukua chupa inayoonekana ndani, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie nusu siku. Mchanga utazama chini, udongo utakaa juu yake kama krimu. Krimu ikizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudi ukaoshe mchanga. Usione uvivu. Udongo huo ndo utakaokuletea vumbi juu ya meza kila siku.

MAJI: HAPA NDIPO WENGI HUANGUKA

Mwaka 1918 mhandisi mmoja wa Chicago, Duff Abrams, baada ya kupima zege mara nyingi sana, alitoa kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wanaifuata mpaka leo: kadiri maji yanavyozidi ukilinganisha na saruji, ndivyo zege linavyopungua nguvu. Saruji inahitaji maji kidogo tu ili igande. Maji ya ziada hayagandi. Yanakaa ndani, baadaye yanakauka na kuacha matundu madogo. Matundu hayo ndiyo adui wa mng'aro, na ndiyo yanayonywa mafuta na mchuzi.

Tatizo ni kwamba zege lenye maji mengi ni rahisi kumwaga. Linateleza lenyewe kama uji, na fundi anafurahi. Zege zuri linachosha mikono: ukilikamata kiganjani linashikamana kama donge la ugali, wala halitiririki. Kwa hiyo usimwage maji kwa macho. Pima lita 3, anza na mbili na nusu, changanya vizuri, kisha ongeza kidogo kidogo. Mchanga ukiwa na unyevu tayari, punguza maji.

KUMWAGA: USO WA MEZA UKO CHINI

Siri ya meza laini ni kuimwaga kifudifudi. Ile sehemu inayogusa kioo au plastiki ndiyo itakuwa juu ya meza, nayo itatoka laini kama kioo chenyewe. Kwa hiyo sehemu ya chini ya kalibu isiwe na mkunjo wala punje ya mchanga. Kila kitu kilichopo pale kitaonekana milele.

Pima kwa pima maji, kalibu ikae sawasawa. Ziba pembe kwa sabuni laini ili maji ya saruji yasivuje. Paka mafuta kidogo sana kwa kitambaa, ukifuta hadi yabaki kama kivuli tu. Mafuta mengi huacha madoa.

Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, weka kokoto, kisha maji. Weka zege kwenye kalibu mpaka ifike kama sentimita 2 na nusu, lishindilie pembeni na katikati. Sasa laza wavu, halafu jaza sehemu iliyobaki.

Wengine huuliza, kwa nini wavu uwe karibu na juu wakati wa kumwaga? Sikiliza. Zege lina nguvu sana likikandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Meza ikikaa juu ya miguu miwili na mtu akaiegemea, upande wa chini ndio unaovutwa. Na upande huo wa chini, kwa kuwa tumemwaga kifudifudi, ndio ulio juu sasa hivi. Ukiuweka wavu upande mwingine, umetupa wavu. Ila uache umefunikwa na zege angalau sentimita moja, usije ukashika kutu.

Baada ya kujaza, gonga kalibu pembeni kwa nyundo ya mbao, taratibu, dakika tano au zaidi. Utaona viputo vya hewa vinapanda. Kila kiputo kinachotoka ni tundu moja ambalo hutalijaza kesho. Sawazisha juu kwa ubao, funika kwa plastiki au kipande cha turubai lililochakaa, na uondoke.

SUBIRA YA SIKU SABA

Hapa kuna neno ambalo watu hulichanganya. Tunasema zege "linakauka". Hapana, zege halikauki, linaganda, na kuganda kwake kunataka maji yabaki ndani. Likikaukia kabla ya wakati kwa jua au upepo, kuganda kunasimama, na linabaki dhaifu na lenye nyufa ndogo kama mistari ya kiganja. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba ndo kibaya zaidi.

Kwa hiyo fuata ratiba hii:

Siku ya 1: Mwaga na funika.

Siku ya 3: Fungua mbao polepole, bila kupiga nyundo kwenye pembe. Ligeuze bamba mkiwa wawili. Libebe likiwa limesimama kama mlango, kamwe lisibebwe limelala, maana linaweza kukatika katikati kwa uzito wake lenyewe. Siku hiyohiyo fanya usagaji wa kwanza, tutaueleza hapa chini.

Siku ya 3 hadi ya 8: Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu yake plastiki. Lowesha asubuhi na jioni. Maji ya kufulia yaliyotulia yasitumike, sabuni na majivu yake huacha madoa.

Siku ya 9: Ng'arisha kwa msasa.

Siku ya 28: Paka nta.

Zege la saruji ya kawaida likiwa na siku 7 huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu ambayo litakuwa nayo siku ya 28. Ukiuza bamba la siku 4 umeuza nusu ya bamba, na mteja atarudi na vipande mlangoni kwako. Mtaani habari hiyo inatembea haraka kuliko pikipiki.

KUNG'ARISHA KWA MKONO

Usagaji wa kwanza, siku ya tatu: mwagia maji juu ya bamba, shika jiwe la kunolea, sugua kwa mizunguko. Maji yatageuka kama maziwa ya kijivu. Yafute, mwagia mengine, endelea. Ukisugua kidogo utabaki na uso wa kijivu ulio sawa. Ukiendelea zaidi utaona punje za mchanga, na ukiendelea sana mawe madogo yataanza kujitokeza, na hapo umepata granito. Chaguo ni lako, ila lisague lote sawasawa, usije ukaacha mabaka. Siku hii haijachaguliwa bure. Kadiri unavyochelewa, zege linakuwa gumu na mkono unalia.

Kisha ziba matundu. Koroga saruji na maji kidogo iwe nzito kama dawa ya meno, niru kama wanavyoita mafundi. Ipake kwa kipande cha ndala kuukuu, ukiisukumiza ndani ya kila tundu, halafu kwangua ya ziada. Rudisha magunia yenye maji.

Siku ya tisa anza na msasa namba 120, daima na maji. Ukimaliza bamba lote, lioshe kabisa kabla ya kushika namba 220, maana punje moja ya msasa wa kwanza ikibaki itachora mistari. Halafu namba 400. Kwenye zamu ya mwisho tumia maji yaliyokorogwa na sabuni ya kipande. Sabuni ikikutana na chokaa iliyomo ndani ya zege hutengeneza utando usioyeyuka kwenye maji, ambao husaidia kuziba vijitundu. Hiyo ndiyo hekima ya wale mafundi wa Marrakech.

Bamba moja litakuchukua saa kadhaa. Basi lisifanywe na mtu mmoja. Baba na mama mpokezane, wakubwa wa nyumba wasaidie, na maongezi yaendelee.

Nta nayo ina wakati wake. Kabla ya kuipaka, bandika kipande cha plastiki juu ya bamba usiku mzima. Asubuhi ukikuta unyevu chini yake, bado. Ukikuta pakavu, weka bamba juani lipate joto, sugua nta ya nyuki kwa kitambaa kisafi hadi iyeyuke na kuingia, kisha futa hadi ing'ae. Usiyeyushe nta juu ya moto ndani ya nyumba, inashika moto upesi. Na mafuta ya mawese usiyatumie. Hayakauki, yatanata na kunuka.

TAHADHARI ZA AFYA, USIZIRUKE

Vumbi la zege lina silika. Ukilivuta siku nyingi linakwaruza mapafu hadi yanakakamaa, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na ukishaingia hautibiki. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi hili katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha puani hakitoshi. Dawa ni maji: usisage wala usisugue zege kavu hata siku moja. Mwenye grainda ya umeme asiitumie kavu, na watu wasio na mafunzo wasichanganye umeme na maji. Kwa mkono ni salama zaidi. Ule uji wa kijivu usiumwage kwenye mfereji wala karibu na bomba la maji. Uache ugande kwenye shimo, uutupe ukiwa mgumu.

Saruji mbichi huunguza ngozi, tena kimyakimya. Hutasikia maumivu mara moja, utashangaa usiku magoti na vidole vinachomeka. Vaa glovu, au angalau mifuko ya plastiki iliyofungwa kwenye mikono, na osha haraka ikikugusa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 bila kusugua, kisha kimbia zahanati. Watoto wadogo wakae mbali na karai, hata kama wanaona ni kama udongo wa kuchezea.

HESABU YA FAMILIA

Bei hubadilika kila mahali, kwa hiyo hatuandiki bei. Fanya hivi. Chukua bei ya mfuko wa saruji unapoishi, ongeza mchanga, kokoto, wavu, msasa na nta, gawa kwa 7. Kwa nini 7 na si 8? Kwa sababu bamba moja katika mfuko wa kwanza litavunjika au kutoka vibaya, hata kwa fundi mzuri. Hilo la nane liwe la kujaribia na la kuwaonyesha wateja. Halafu hesabu siku zako. Bamba linakula siku 28, lakini kazi ya mkono ni kama siku mbili tu. Mwenye kalibu mbili anaweza kumwaga kila baada ya siku mbili, wakati mengine yanalala chini ya magunia.

Kwa walioko kambini: kabla ya kuanza kumwaga kwa ajili ya kuuza, ulizeni uongozi wa kambi kuhusu mahali na utaratibu. Bamba la meza halijengewi, linakaa juu ya miguu ya mbao au matofali, kwa hiyo ukihama unahama nalo.

MASWALI MAWILI MATATU

*Naweza kuweka rangi?* Ndiyo. Tumia ile rangi ya unga ya sakafu nyekundu, gramu 50 kwa kila kilo ya saruji, uichanganye ikiwa kavu. Ikizidi sana inapunguza nguvu.

*Chupa zilizovunjwa je, si zinapendeza?* Zinapendeza mwanzoni. Lakini kioo hugombana na saruji polepole, na baada ya muda kinaweza kupasua bamba. Tumia mawe meupe na meusi ya mtoni.

*Ndimu na nyanya vinadhuru?* Vinadhuru. Kitu chochote kichachu hula zege na kuacha alama isiyofutika. Weka kibao cha kukatia, na kikimwagika futa hapohapo. Sufuria ya moto nayo iwekwe juu ya kitu. Nta hupakwa tena kila baada ya miezi michache.

*Ina faida gani kwa afya ya nyumbani?* Ubao wenye nyufa huficha uchafu, na kusukumia chakula chini ni kukaribisha kuhara. Uso laini unaooshwa kwa maji na sabuni unarahisisha usafi. Lakini meza haioshi mikono, hiyo bado ni kazi yako.

NENO LA MWISHO

Wapo wanaojiandaa kurudi, wapo wanaobaki, na wapo wasiojua kesho iko wapi. Hatuwezi kumwambia mtu aende au akae. Tunachoweza kusema ni kwamba karai na kalibu huachwa njiani, lakini ujuzi wa mikono hauhitaji lori la kuubeba. Aliyejifunza kupima maji na kungoja siku saba anaweza kuanza upya Kanyosha, Uvira, Kigoma au popote atakapolala.

Wazazi, wafundisheni watoto wakubwa. Anzeni na bamba moja dogo, hata la sentimita 30 kwa 30, muone mikono yenu inasemaje. Mkishalifuta nta, liwekeni mlangoni majirani walione. Tutakutana toleo lijalo, Mungu akipenda. Kazi njema!